Altrasaundi na Ugonjwa wa Alzheimer: Kati ya Kufungua, Kusisimua na Kuponya

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna mawimbi ya altrasaundi yanavyotumiwa katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, na kuchunguza madai yanayotolewa kuhusu matumizi hayo. Suala hili limezungumzwa sana katika magazeti na redio tangu mwaka 2015, na mara nyingi limezungumzwa kwa neno moja tu, yaani “tiba”. Neno hilo linafunika shughuli kadhaa ambazo hazifanani kwa utendaji, wala hazifanani kwa kiwango cha ushahidi uliokwisha kupatikana. Kuna kuchoma, kuna kufungua, kuna kusafisha na kuna kusisimua. Kila kitenzi kati ya hivi kina historia yake, mashine yake na majaribio yake. Kitenzi cha tano, kuponya, ndicho ambacho wagonjwa na jamaa zao hukisikia pindi linapotajwa neno tiba, na ndicho ambacho hadi sasa hakijapata ushahidi.

Kwa Waswahili walio wengi, altrasaundi ni kipimo cha kliniki ya wajawazito. Mkunga hupitisha kifaa juu ya tumbo lililopakwa mafuta mazito, na picha ya mtoto ikaonekana katika kioo. Kinachotumika ni sauti. Lakini ni sauti inayotetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, kiasi ambacho sikio la binadamu haliwezi kukipokea. Baadhi ya waandishi wamejaribu kuiita “sauti ya juu”. Fasiri hii ina utata, kwani katika Kiswahili sauti ya juu ni ile ya mtu anayepaza sauti, au ile nyembamba ya mwimbaji, na zote mbili husikika. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia altrasaundi, neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika vituo vya afya, na inapotaja idadi ya mitetemo inatumia hezi, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde, na kilohezi, yaani mitetemo elfu moja.

2.0 Ugonjwa Wenyewe

Mnamo mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, alianza kumchunguza mwanamke mmoja aliyeitwa Auguste Deter. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Alisahau majina ya vitu alivyokuwa amevishika mkononi, alipoteza njia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alimshuku mumewe bila sababu. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer alikuwa amekwisha kuhamia München, na ubongo wa marehemu ulipelekwa huko ili auchunguze kwa hadubini. Aliona mambo mawili. Kwanza, nje ya seli za neva palikuwa na mabaka ya kitu kigumu kisichojulikana. Pili, ndani ya seli zenyewe palikuwa na nyuzinyuzi zilizosokotana. Aliyaeleza hayo mwezi Novemba mwaka huohuo katika mkutano wa madaktari mjini Tübingen, na hotuba yake haikuvuta hisia za wengi. Jina la ugonjwa lilitolewa mwaka 1910 na Emil Kraepelin katika kitabu chake cha kufundishia.

Ilichukua zaidi ya miaka sabini kuyajua mabaka hayo ni ya nini. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong walitenga protini iliyoyaunda, ambayo sasa huitwa amiloidi. Nyuzinyuzi za ndani ya seli ni za protini nyingine iitwayo tau. Kutokana na ugunduzi huo ilijengwa nadharia, iliyopata umbo lake mashuhuri mwaka 1992, kwamba kulundikana kwa amiloidi ndicho chanzo, na kwamba mengine yote, yaani kuharibika kwa tau, kufa kwa seli na kupotea kwa kumbukumbu, hufuatia. Nadharia hii imetawala utafiti wa dawa kwa zaidi ya miongo mitatu. Haikosi wapinzani, na hoja yao kuu ni nzito: wapo wazee waliofariki wakiwa na mabaka mengi na akili timamu. Jambo hili litarejewa baadaye, kwa kuwa linagusa moja kwa moja thamani ya altrasaundi.

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa cha ile hali ambayo madaktari huiita dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu, lugha na maamuzi kiasi cha kumfanya mtu asiweze kujitegemea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hata hivyo, katika lugha ya kila siku hali hii haina jina la ugonjwa. Husemwa kwamba mzee “amerudi utotoni”, au kwamba “ni uzee tu”. Na pengine, hasa anapokuwa bibi kizee anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka, husemwa jambo baya zaidi ambalo limewahi kugharimu maisha ya watu. Palipokosekana jina la ugonjwa, tangazo la tiba yake hupokewa ama kwa kupuuzwa kabisa ama kwa kuaminiwa kupita kiasi.

3.0 Kizuizi Kati ya Damu na Ubongo

Ili kuelewa kwa nini sauti imeingizwa katika matibabu ya ubongo, hapana budi kuanza na rangi. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, aliripoti kwamba alipowadunga wanyama rangi katika damu, viungo vyote vilichukua rangi hiyo isipokuwa ubongo. Yeye alidhani kwamba ubongo hauipendi rangi tu. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aligeuza jaribio. Mwaka 1913 alionyesha kwamba rangi ikidungwa katika maji yanayouzunguka ubongo, ubongo hupakika barabara, na mwili uliobaki husalia bila rangi. Basi tatizo halikuwa mapenzi ya ubongo. Palikuwa na kizuizi.

Kizuizi hicho ni kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo. Mahali pengine mwilini seli za kuta hizo huacha nafasi ndogondogo ambazo vitu hupenya. Katika ubongo seli hizo zimeshikamana kama vigae vilivyozibwa vizuri, na kila kinachopita hupita kwa ruhusa: oksijeni na sukari huingia, sumu na vijidudu vingi huzuiwa. Mpangilio huu ni wa busara, lakini humgharimu daktari. Sehemu kubwa ya dawa hazipiti, na zile zenye molekuli kubwa karibu hazipiti kabisa.

Na dawa mpya za Alzheimer ni za molekuli kubwa. Ni kingamwili zilizotengenezwa ili kuikamata amiloidi na kuiondoa. Ya kwanza, aducanumab, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2021 katikati ya ubishi mkali, na mtengenezaji wake akaiacha mwaka 2024. Lecanemab ilipata idhini kamili nchini humo mwaka 2023, na donanemab mwaka 2024. Kingamwili hudungwa katika damu, na hukadiriwa kwamba takriban sehemu moja tu kati ya elfu ndiyo inayofika katika ubongo. Kwa hiyo hutumiwa kipimo kikubwa, kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya wagonjwa huleta uvimbe au kuvuja kwa damu ndani ya ubongo. Swali lililozuka ni rahisi kulitamka: je, haiwezekani kuufungua mlango kwa muda mfupi, mahali panapotakiwa tu, kisha ukajifunga?

4.0 Kufungua

Kizingiti cha kwanza kilikuwa fuvu. Mfupa hunywa mawimbi ya sauti, hugeuza nguvu yake kuwa joto, na huyapinda yaliyobaki kwa kuwa unene wake haulingani kila mahali. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili, William Fry na Francis Fry, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walifaulu kuyakusanya mawimbi ya altrasaundi katika nukta moja ndani ya ubongo, lakini iliwalazimu waondoe kwanza kipande cha fuvu. Njia ya namna hiyo haikuweza kuenea.

Utatuzi ulikuja pale ambapo chanzo kimoja cha sauti kiligawanywa kuwa vyanzo vingi. Kullervo Hynynen, mtafiti mzaliwa wa Finland aliyefanya kazi Boston na baadaye Toronto, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hii. Kofia inayotumika sasa ina vyanzo 1,024 vilivyopangwa kama nusu ya yai kuzunguka kichwa. Picha ya fuvu la mgonjwa hupigwa kabla, na kompyuta hukokotoa kila wimbi licheleweshwe kiasi gani ili, licha ya mfupa usiolingana, yote yafike pamoja. Ni mfano wa wapiga makasia wanaoanza kwa nyakati tofauti ili wafike gatini kwa wakati mmoja. Kila wimbi peke yake ni hafifu na hupita bila kudhuru. Nguvu hupatikana pale tu yanapokutana. Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya kupiga picha kwa sumaku, kichwa kimenyolewa na kushikwa imara, na maji baridi huzunguka kati ya ngozi na kofia ili fuvu lisipate joto.

Mashine hiyo ikitumiwa kwa nguvu kubwa, huchoma. Nukta yenye ukubwa wa punje ya mchele hupashwa joto hadi seli zake zikafa. Hii ndiyo kazi iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2016 kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa kutetemeka mikono, na matokeo yake huonekana papo hapo: mtu aliyeshindwa kushika kikombe hukishika. Picha za matukio hayo zimesambaa sana, na zimechangia kuleta mkanganyiko, kwani watazamaji wengi wamedhani kwamba kinachofanywa kwa mgonjwa wa Alzheimer ni kilekile. Sicho. Katika Alzheimer hakuna nukta moja ya kuchoma, kwa kuwa ugonjwa umetapakaa.

Kwa Alzheimer nguvu hupunguzwa sana, na huongezwa kitu cha pili: viputo. Kabla ya sauti kuwashwa, mgonjwa hudungwa katika mshipa viputo vya gesi vyenye ngozi ya mafuta, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu au vinavyolingana nazo. Viputo vya aina hii vilikuwa vikitumika tangu zamani kuboresha picha za moyo. Vinapopita katika mishipa ya mahali palipolengwa, hukutana na mawimbi. Shinikizo linapopanda husinyaa, linaposhuka hutanuka, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, kama kifua kinachohema kwa kasi isiyofikirika. Mhemo huo husukuma na kuvuta ukuta wa mshipa hadi maungio ya seli zake yakalegea. Nguvu ikizidi, viputo hupasuka na mshipa huvuja damu. Ikipungua, hakuna kinachotokea. Ufundi wote umo katika kubaki katikati, na mashine za sasa husikiliza mwangwi wa viputo ili kujua vinatenda vipi. Hynynen na wenzake walionyesha mwaka 2001, kwa kutumia sungura, kwamba jambo hili linawezekana bila kuharibu tishu iliyo jirani.

Kwa binadamu mwenye Alzheimer, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 na kundi la hospitali ya Sunnybrook, Toronto, likiongozwa na Nir Lipsman, lilihusisha wagonjwa watano. Sehemu ndogo ya ubongo wa mbele ilifunguliwa, mara mbili, kwa kupishana mwezi mmoja. Picha zilionyesha kwamba mlango ulifunguka mahali palipokusudiwa na ukajifunga ndani ya saa 24. Hapakuwa na madhara makubwa. Hapakuwa pia na mabadiliko ya maana katika kiasi cha amiloidi, na watafiti hawakudai kuwapo. Ni vyema kusisitiza jambo hili: jaribio lilifaulu kikamilifu katika lile lililokusudia kulipima, yaani usalama, na halikumponya mtu yeyote. Mwaka 2020 kundi la Ali Rezai katika Chuo Kikuu cha West Virginia liliripoti kwamba hata hipokampasi, sehemu ya ndani inayohusika na kumbukumbu na ambayo huathirika mapema, ilifunguliwa kwa wagonjwa sita.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Mwezi Januari mwaka 2024 kundi hilohilo la Rezai lilichapisha matokeo ya wagonjwa watatu waliopewa aducanumab kila mwezi kwa miezi sita, na kila baada ya kudungwa dawa ubongo wao ulifunguliwa kwa altrasaundi upande mmoja tu. Mpango huu una werevu wake, kwa kuwa kila mgonjwa amekuwa kipimo cha nafsi yake mwenyewe: damu ni ileile, dawa ni ileile, tofauti ni mlango. Baada ya wiki 26 amiloidi ya upande uliofunguliwa ilikuwa imepungua kwa wastani wa takriban asilimia 32 zaidi kuliko ya upande wa pili. Kwa kitenzi “kufungua”, basi, ushahidi upo: mlango hufunguka, dawa huingia, na kinachoingia hutenda. Lakini ni wagonjwa watatu. Na dawa iliyotumika si dawa inayouzwa tena.

5.0 Kusafisha

Habari zilizowafikia watu wengi zaidi hazikutoka Toronto wala West Virginia, bali Australia. Mwaka 2015 Gerhard Leinenga na Jürgen Götz wa Chuo Kikuu cha Queensland walichapisha utafiti juu ya panya waliopandikizwa jeni ya binadamu ili wajaze amiloidi katika ubongo. Watafiti hao hawakutumia dawa yoyote. Walipitisha altrasaundi pamoja na viputo katika ubongo mzima, mara kadhaa kwa muda wa wiki. Asilimia 75 ya panya waliotibiwa walisafishika mabaka, na walifanya vizuri zaidi katika majaribio matatu ya kumbukumbu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kufunguliwa kwa kizuizi kuliziamsha seli za ulinzi za ubongo, ambazo ni kama wazoa taka wake, nazo zikaimeza amiloidi.

Matokeo hayo yalikuwa ya kweli na yalistahili kuchapishwa. Tatizo ni panya. Panya huyo hana ugonjwa wa Alzheimer. Ana amiloidi ya kupandikizwa. Seli zake za neva hazifi kwa wingi kama zifavyo za binadamu. Kwa hiyo kuyaondoa mabaka yake ni kumwondolea karibu maradhi yote aliyo nayo, hali kumwondolea binadamu mabaka ni kuzoa majivu katika nyumba ambayo baadhi ya nguzo zake zimekwisha kuungua. Isitoshe, fuvu la panya ni jembamba kama karatasi na ubongo wake ni mdogo kama njugu. Kuupitishia sauti wote ni kazi ya dakika chache. Jaribio lililofanywa Paris kwa kifaa kidogo cha altrasaundi kilichopachikwa ndani ya mfupa wa fuvu, na kuripotiwa mwaka 2022, lilihusu wagonjwa wasiozidi kumi, lilifungua kizuizi mara kwa mara bila dawa, na halikuonyesha usafishaji unaokaribia ule wa panya.

6.0 Kusisimua

Kitenzi cha nne ndicho kinachotajwa mara nyingi zaidi, na ndicho chenye mashaka zaidi. Hapa viputo havitumiki na kizuizi hakifunguliwi. Dai ni kwamba sauti yenyewe, ikipigwa kwa vishindo vifupi, huzisisimua seli za neva. Neno kusisimua linafaa kuliko kuchochea, ambalo magazetini limefungamana na makosa ya kuchochea ghasia, na ambalo baadhi ya madaktari hulitumia kwa maana ya uvimbe.

Wazo si jipya. Mwaka 1929 E. Newton Harvey alionyesha kwamba mawimbi ya masafa haya huweza kuusisimua msuli wa mnyama. Lilifufuliwa mwaka 2008 na William Tyler na wenzake waliofanya kazi juu ya tishu ya ubongo wa panya, na mwaka 2014 Wynn Legon, Tyler na wengine wakaonyesha kwamba altrasaundi ikielekezwa katika eneo la ubongo linalopokea hisi za mkono, hubadili namna eneo hilo linavyoitikia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni ya kimekanika: katika utando wa seli mna vilango vinavyofunguka vinapovutwa au kusukumwa, na mawimbi ya sauti hufanya yote mawili.

Ndipo likatokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa utafiti angepaswa kulijua. Mwaka 2018 makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja kwa panya na jingine kwa panya-buku, yaliripoti kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa msisimko wa moja kwa moja ilipitia masikioni. Altrasaundi haisikiki, lakini inapowashwa na kuzimwa kwa vishindo, kila kishindo huutikisa mfupa, na sikio la ndani huupokea mtikisiko huo kama mlio. Mnyama alisikia, akashtuka, na ubongo wake ukaitikia. Wanyama walipofanywa viziwi, mwitikio huo ulipungua sana. Ugunduzi huu haukuifuta dhana ya kusisimua, kwa kuwa majaribio ya baadaye yaliyodhibiti usikivu bado yameona athari. Ulichofanya ni kubadili kiwango cha uthibitisho. Tangu hapo jaribio lisilo na kundi linalosikia mlio uleule bila kupata nguvu ileile haliwezi kuchukuliwa kuwa limethibitisha jambo.

Kwa kipimo hicho ndipo inapofaa kulitazama jaribio la Vienna. Roland Beisteiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna walichapisha ripoti ya wagonjwa 35 wa Alzheimer waliopigwa vishindo vifupi mno, kila kimoja kikidumu kwa takriban sehemu tatu za milioni za sekunde, kwa wiki mbili hadi nne. Alama zao za kumbukumbu na lugha zilipanda, na nafuu ilionekana hadi miezi mitatu. Kifaa hicho kilikuwa kimepata kibali cha Ulaya mwaka 2018. Wagonjwa hao, hata hivyo, hawakulinganishwa ipasavyo na wengine waliopata matibabu ya kuigiza. Mgonjwa anayepelekwa hospitali mara kadhaa kwa wiki, akazungumzishwa, akahimizwa, kisha akapimwa tena kwa maswali yaleyale, huweza kupata alama zaidi bila wimbi lolote kumgusa. Kundi hilohilo lilifanya baadaye jaribio la watu 60 lenye matibabu ya kuigiza, na matokeo yalipotoka mwaka 2025 faida iliyoonekana ilikuwa ya kiasi, na hasa kwa wagonjwa wasiozidi miaka 70. Ni haki kuwasifu watafiti waliolipima dai lao wenyewe kwa mizani kali zaidi. Lakini katika miaka iliyopita kati ya ripoti ya kwanza na ya pili, baadhi ya kliniki za binafsi barani Ulaya zilikwisha kuwauzia wagonjwa matibabu hayo.

7.0 Kutibu si Kuponya

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha kutibu na kuponya. Mganga hutibu, kupona ni jambo jingine, ambalo huenda likaja au lisije. Neno tiba limesimama katikati, na kwa hiyo huelekea upande wowote msomaji anakotaka. Mwandishi wa habari anayesema “tiba ya altrasaundi ya Alzheimer” hajasema uongo. Amemwachia msomaji amalizie mwenyewe, na mwenye mgonjwa nyumbani humalizia kwa kupona.

Ukubwa wa suala hili huonekana katika takwimu za lecanemab, dawa ambayo altrasaundi inatazamiwa kuisaidia. Katika jaribio lililoifikisha kwenye idhini, watu 1,795 walifuatiliwa kwa miezi 18. Amiloidi ilipungua mno. Waliopata dawa waliendelea kudhoofika, isipokuwa taratibu zaidi: tofauti kati yao na waliopata maji matupu ilikuwa pointi 0.45 katika mizani yenye pointi 18. Magazeti yaliiandika tofauti hiyo kuwa asilimia 27, na hesabu zote mbili ni sahihi. Madaktari wamebishana kama mke au mtoto wa mgonjwa anaweza kuiona nyumbani. Basi ikiwa kuondolewa kwa amiloidi karibu yote katika ubongo mzima hununua pointi 0.45, kuiondoa haraka zaidi kwa altrasaundi katika sehemu ndogo kutanunua nini? Huenda kukanunua zaidi, kwa kuwa kipimo cha dawa kitapungua na madhara pamoja nacho, au kwa kuwa kutawezesha kupitisha dawa nyingine, zikiwamo zile za kuilenga tau. Huenda kusinunue chochote, ikiwa wale wapinzani wa nadharia ya amiloidi wamesema kweli. Hili haliwezi kuamuliwa kwa mantiki. Linahitaji majaribio ya mamia ya watu.

Na majaribio hayo yana tatizo la ridhaa ambalo wanasheria na wanafalsafa hawajalimaliza. Mgonjwa wa mwanzoni anaweza kuelewa anachotia saini, lakini ndiye mwenye mengi ya kupoteza ubongo wake ukivuja damu. Yule wa baadaye hana mengi ya kupoteza, lakini hawezi kuelewa. Mwanawe hutia saini badala yake, na mwana huyo amesoma gazeti. Ridhaa iliyotolewa kwa kuamini “kupona”, ambapo mtafiti alimaanisha “kufungua kwa saa 24”, ni ridhaa ya jina tu. Fomu za ridhaa zinazotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya utafiti wa aina yoyote wa ubongo hazina budi kutumia kitenzi cha tendo lenyewe: tutafungua, tutapima, tutaangalia kama kuna madhara. Mfasiri anayeandika “tutakutibu” kwa sababu sentensi inasomeka vizuri zaidi amekwisha kubadili mkataba.

Kwa nchi zinazozungumza Kiswahili, kofia ya vyanzo 1,024 iliyo ndani ya mashine ya picha za sumaku, ikitumika kwa mgonjwa mmoja kwa saa kadhaa kila mwezi, bado ni jambo la mbali. Vifaa vidogo vya kusisimua haviko mbali. Havihitaji mashine ya sumaku wakati wa kutibu, havihitaji chumba cha upasuaji, wala havihitaji kudunga kitu. Huweza kubebwa katika gari na kuwekwa katika chumba cha kawaida. Kile chenye ushahidi imara zaidi, yaani kufungua, ndicho kitakachochelewa kufika, na kile chenye ushahidi haba, yaani kusisimua, ndicho ambacho mfanyabiashara anaweza kukileta mjini wakati wowote, akakitangaza kwa neno lilelile moja.